Vespa imevuka bahari salama, kufika Pemba inazimazima: tatizo ni nini hasa?

Kipepeo_Z · #1
Wakuu, salaam.

Nimerudi kutoka Pemba na vespa yangu, PX 150 ya mafuta ya kuchanganya. Nilianza na Unguja: Kizimkazi, Paje, nikapanda hadi Nungwi, nikarudi Mjini. Usiku nikaipakia kwenye meli inayobeba magari, alfajiri tukashuka Mkoani. Kutoka hapo Chake, Wete, Konde, msitu wa Ngezi, mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Unguja nzima haikunisumbua. Mkoani iliwaka kwa tabu kidogo, nikaanza kupanda kile kilima cha kutokea bandarini, katikati ikakohoa ikazima. Nikaiegesha kivulini, baada ya muda ikawaka. Kufika Mtambile ikazima tena. Ikawa ndiyo tabia yake mpaka Chake: inakwenda kilomita kadhaa, inaishiwa pumzi, inazima. Ukikaa nayo kidogo inawaka safi kabisa. Siku ya pili ikapungua. Niliporudi Unguja imepona, na hakuna fundi aliyeigusa.

Plagi niliifungua, ilikuwa nyeusi na imelowa mafuta. Tanki lilikuwa zaidi ya nusu.

Nasema ni meli. Kuna jambo linazipata vespa zikiwa baharini, na wenzangu wawili wameniambia zao zilifanya hivyo hivyo. Wajuzi mnasemaje?

Baba_Nasra · #2
Chumvi hiyo, wala usihangaike. Usiku kucha upepo wa bahari unaingia kwenye kofia ya plagi na kwenye CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche. Chumvi inavuta unyevu, cheche inakuwa dhaifu. Mchana jua likipanda inakauka, ndiyo maana siku ya pili ilipungua. Futa kwa kitambaa kikavu, kofia ya plagi ichomoe uipulize. Kwisha.

FundiSpana · #3
Baba_Nasra, chumvi naijua, nimefungua vespa nyingi za watu wa Nungwi na Mkokotoni zimeliwa na chumvi mpaka boliti hazitoki. Lakini chumvi ya usiku mmoja haifanyi injini izime baada ya kilomita kadhaa halafu iwake ikipumzika. Kofia ikilowa, pikipiki inagoma asubuhi, ikishawaka na kupata moto inazidi kuwa nzuri. Yeye kasema kinyume.

Mie naona ni petroli kujaa. PX mafuta yanashuka yenyewe kutoka tankini. Ukiacha koki wazi na meli inayumba usiku mzima, kile kisindano cha kwenye kabureta hakikai sawasawa, mafuta yanavuja taratibu mpaka kwenye krenki. Asubuhi umebeba kikombe cha petroli tumboni mwa injini. Ndiyo maana plagi imelowa.

Kipepeo_Z, koki uliifunga?

Kipepeo_Z · #4
@FundiSpana niliifunga mwenyewe mbele ya hamali. Lakini nilivyoikuta asubuhi sikuangalia, nilifungua kwa mazoea tu. Iliegeshwa wima, imefungwa kwa kamba kwenye bomba la ukutani, kati ya lori la vitunguu na pikipiki nyingine.

Mzaramo_Halisi · #5
Nipo siti ya mbele. Aisee hii safari nimeitamani. Mkuu, sisi wa Dar tunaanzia wapi? Naweza kuja na bodaboda yangu?

mama_wa_mikarafuu · #6
Kipepeo karibu tena kwetu Pemba, na pole kwa kilima cha Mkoani. Mie nimezaliwa juu ya kilima hicho. Toka nikiwa mdogo tunaziona vespa za watu wa Unguja zinazima pale pale, karibu na mwembe, nasi watoto tunakwenda kusukuma tupate senti ya bazoka. Wala si bahari. Unguja ni bapa, vespa zenu hazijawahi kuona mlima. Zikija huku zinaulizwa swali ambalo hazijawahi kuulizwa.

Kijana_wa_Ngambo · #7
😂😂 @mama_wa_mikarafuu umetumaliza.

FundiSpana · #8
Mama kasema neno lenye ufundi ndani yake. Vespa ya mafuta ya kuchanganya inajaza masizi kwenye ekzosi. Kwenye barabara ya tambarare hujui. Ukipanda na gia ya pili, moshi hautoki vizuri, nguvu inakufa. Lakini je, mbona alivyorudi ikapona? Masizi hayaondoki yenyewe.

Baba_Nasra · #9
Ikapona kwa sababu karudi kwenye bapa! Si ndiyo anavyosema mama?

Kipepeo_Z · #10
Hapana, ilikuwa haizimi mlimani tu. Kati ya Mtambile na Chake ilizima kwenye mteremko pia. Na Ngezi kule barabara haina kilima cha kutisha, ikazima mara moja kabla ya msitu.

@Mzaramo_Halisi kutoka Dar kuna meli za kubeba magari zinazokuja Unguja na nyingine zinaendelea Pemba. Za kasi ni za abiria. Tatizo lako ni makaratasi, kwa sababu Zanzibar ina usajili wake wa vyombo. Sisi wenye namba ya Z tunavuka Unguja na Pemba bila ya maswali, wewe wa Bara ulizia kwanza bandarini na kwa watu wa mapato kabla hujanunua tiketi. Wengi wanaona rahisi kuja kwa miguu na kukodi vespa Mjini.

Piki_la_Muscat · #11
Vijana, nawasoma kutoka Muscat. Mie niliendesha vespa Unguja miaka ya themanini, ya tairi la inchi nane, wakati huo barabara ya Paje ni mashimo. Nampa Kipepeo jibu moja ambalo hamjalitaja: kifuniko cha tanki.

Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikiziba, mafuta yanashuka mwanzo, halafu ndani ya tanki hewa inakwisha, mafuta yanagoma kushuka. Injini inaishiwa pumzi, inazima. Ukipumzika, hewa inaingia kidogo kidogo, inawaka. Hiyo ndiyo hadithi yake mwanzo mpaka mwisho. Kilomita kadhaa, inazima, inapumzika, inawaka.

Sasa niambie, mwanangu, kwenye meli kifuniko walikifanya nini?

Kipepeo_Z · #12
Ami, umenishitua. Hamali alikifungua, akaweka kipande cha nailoni ya mfuko juu ya mdomo wa tanki, akakaza kifuniko juu yake ili petroli isinuke wala kumwagika. Mkoani nilifungua nikaitoa ile nailoni kabla sijawasha, na ilitoka nzima, imechanika pembeni tu, pale ilipokatwa na ukingo wa kifuniko.

Kijana_wa_Ngambo · #13
"Imechanika pembeni tu." Kesi imefungwa. Kipande kimebaki kwenye kitundu. Ami apewe ushindi.

FundiSpana · #14
Haraka ya nini? Kama mafuta hayashuki, plagi inakuwa kavu na nyeupe au kahawia hafifu. Yeye plagi yake nyeusi, imelowa. Injini yenye njaa haitapiki chakula. Ami, kwa heshima yako, hilo linanikataza kukubali.

Piki_la_Muscat · #15
Plagi aliifungua lini? Kama ni Mkoani asubuhi baada ya kupiga kiki na choki, italowa tu. Kama ni Mtambile baada ya kuzima, una haki.

Kipepeo_Z · #16
Mkoani, chini ya kilima, baada ya kuzima mara ya kwanza. Na ndiyo, nilipiga kiki nyingi kabla ya kuifungua.

Piki_la_Muscat · #17
Basi plagi hiyo si shahidi wa upande wowote.

Tumbe_Mvuvi · #18
Mnasahau mafuta yenyewe. Mlimsikia anasema alichanganya wapi? Vijijini petroli inauzwa kwenye chupa za maji, imekaa juani, na chupa nyingine haikukaushwa vizuri. Tone la maji likienda kwenye kabureta linakaa chini, injini inazima, ukiitikisa linasogea, inawaka. Sisi kwenye mashine za boti tunalijua hilo kila siku. Tunachuja kwa kitambaa kila tukitia.

Kipepeo_Z · #19
Mafuta nilitia Mjini, kituoni, na oili nikachanganya mwenyewe, mililita 100 kwa lita 5. Pemba niliongeza Chake tu, kituoni pia.

Dada_Mbweni · #20
Mimi naendesha vespa kwenda kazini, na niliwahi kwenda Pemba na mume wangu, kila mtu na yake. Ya kwangu ilizima, yake haikuzima. Meli ile ile, usiku ule ule, kilima kile kile. Tofauti: yangu PX ya Italia, yake LML ya India. Fundi wangu alisema ni zile nyaya ndogo za koili ndani ya sahani ya sumaku. Kwenye PX za zamani ngozi ya waya inakuwa ngumu, inapasuka. Injini ikipata moto waya unagusana, cheche inakufa. Ikipoa inarudi. Alibadilisha nyaya na haijanisumbua tena, ingawa Pemba sijarudi nayo.

FundiSpana · #21
@Dada_Mbweni huo ugonjwa upo, tena ni maarufu, na dalili zake ni zile zile za kifuniko cha tanki. Njia ya kutofautisha: ikizima, hapo hapo fungua kifuniko. Ukisikia hewa inavutwa fyuuu halafu inawaka papo hapo, ni kifuniko. Isipowaka, toa plagi, iweke juu ya bati la silinda, piga kiki, tazama cheche. Hakuna cheche, ni koili.

Kipepeo_Z · #22
Kifuniko nilifungua kule Ngezi, nikitaka kuangalia mafuta. Sikusikia sauti, lakini gari la shamba lilikuwa linapita na watu wanaimba. Iliwaka baadaye. Ila nilikuwa nimekaa hapo muda wa kutosha nikitazama popo.

Kijana_wa_Ngambo · #23
Yaani ushahidi wote wa uzi huu umefunikwa na gari la shamba.

Lamu_Kipungani · #24
Salaam kutoka Lamu. Nyinyi mna bahati ya meli inayomeza magari. Kwetu ukitoka Mokowe ni mashua tu, na mji wa kale punda ndiye anayebeba. Naomba kuuliza: kwa nini Unguja ni vespa, na si pikipiki za kawaida kama kwingine kote pwani?

Baba_Nasra · #25
Kwa sababu ya kanzu na buibui. Vespa huipandi kama farasi. Unakaa, miguu mbele, nguo haipandi, na lile bati la mbele linakinga matope. Tazama Ijumaa wakati wa kutoka msikitini utaelewa.

Piki_la_Muscat · #26
Hilo ni kweli nusu. Vespa zilikuwapo kwa maofisa na matajiri kabla ya Mapinduzi ya 1964, zikitoka Italia. Lakini kujaa kulikuja baada ya 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikafunguliwa. Sisi tuliokuwa Ghuba tukaanza kuleta vitu nyumbani. Mtu anapeleka friji, anapeleka vespa. Mie nilimpelekea kaka yangu mmoja, na mpaka leo inatembea Kikwajuni.

Dada_Mbweni · #27
Na vichochoro vya Mji Mkongwe je? Gari haipiti, pikipiki kubwa inakwama kwenye kona. Vespa unaipinda kama baiskeli.

Mzaramo_Halisi · #28
Lakini Lamu nako vichochoro, na hakuna vespa. Kwa hiyo si vichochoro.

Lamu_Kipungani · #29
Mzaramo kanitangulia. Na kanzu na buibui tunazo tele.

FundiSpana · #30
Kuna jingine ambalo wasomi hawalitaji: tairi la akiba. Vespa inabeba tairi zima ubavuni, chini ya lile bati la kushoto. Ukipata pancha Makunduchi usiku, unafungua boliti, unabadilisha, unakwenda zako. Na spea zipo Darajani mpaka za mwaka 1977 PX ilipotoka. Mtu ananunua kile ambacho fundi wa mtaani anakijua. Kwa hiyo vespa zipo kwa sababu mafundi wapo, na mafundi wapo kwa sababu vespa zipo.

mama_wa_mikarafuu · #31
Na Pemba wengi wana pikipiki za magurudumu makubwa kwa sababu ya milima na njia za shamba. Mfuko wa karafuu kilima cha udongo wakati wa mvua, vespa haiuwezi. Narudi pale pale.

Kipepeo, ulikuja msimu wa karafuu?

Kipepeo_Z · #32
Mwezi wa kumi, bi mkubwa, na karafuu zilikuwa zinaanikwa. Kati ya Chake na Wete nilichukua ile barabara ya zamani, nyembamba, yenye kona na miti iliyokutana juu. Kila nyumba jamvi limetandikwa mbele, karafuu za kijani upande huu, zilizokwisha kuwa kahawia upande ule, na bibi mmoja anazigeuza kwa mguu, anaburuta unyayo taratibu kutoka ncha moja ya jamvi hadi nyingine ili zikauke sawa. Pengine jamvi limeingia mpaka ukingo wa lami. Unapunguza mwendo, unanyoosha mkono wa salamu, unapita kwa adabu. Harufu ilikaa kwenye shati langu mpaka nilipofika nyumbani.

Wanaokwenda haraka kwa gari la kukodi kutoka Mkoani hadi hotelini hawaioni Pemba. Nawaambia kwa moyo wangu wote: nendeni na chombo kidogo, mtapita karibu na watu.

Tumbe_Mvuvi · #33
Umesema kweli. Ila usijaribu kubeba karafuu mfukoni kama zawadi. Zinauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kesi. Wageni wengi hawajui.

Ulifika Tumbe sokoni?

Kipepeo_Z · #34
Nilifika, nikala pweza. Kigomasha mchanga ulinishinda, vespa tairi zake ndogo zinazama. Niliiacha kwa wenyeji nikamalizia kwa miguu hadi mnarani.

Mzaramo_Halisi · #35
Na bahari ya Nungwi ilikuwaje? Watu wananitisha.

Kijana_wa_Ngambo · #36
Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, wa sita hadi wa nane, ndiyo mbaya. Ukitoka kwenye kivuli cha Unguja pale Nungwi unapokelewa na mawimbi ya bahari kuu.

Tumbe_Mvuvi · #37
Si kila wakati. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi inavuma kwenda huko huko, wimbi linakuwa refu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma inapambana na mkondo uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi, kali, linagonga. Mie kwenye boti naogopa kaskazi kali kuliko kusi ya wastani. Wenye meli kubwa watasema vingine.

Baharia_Mstaafu · #38
Wenye meli kubwa tunasema vingine. Kusi ndiyo inayotapisha abiria, kwa sababu meli inapigwa kwa nyuma ubavuni na inaviringika. Lakini Mvuvi yuko sahihi kwa chombo chake.

Na kwa kuwa mmefika Nungwi, naomba tusipite kimya. 10 Septemba 2011, usiku, MV Spice Islander ilizama pale ikielekea Pemba, mamia ya watu wakafa, na hakuna kijiji Pemba ambacho hakikuguswa. Ukipanda meli, tazama jaketi za kuokolea ziko wapi kabla hujatafuta pa kulala. Ukiona watu wamezidi, shuka, tiketi ipotee. Na chombo chako kifungwe kweli kweli. Pikipiki inayoteleza ndani ya meli inavunja mguu wa mtu.

mama_wa_mikarafuu · #39
Mungu awarehemu. Nilipoteza jamaa pale. Ahsante, Baharia.

Dada_Mbweni · #40
Amin.

FundiSpana · #41
Amin.

Baharia, nikuulize kwa faida ya uzi: umeona vyombo vingi vikipakiwa. Je, huwa wanazilaza?

Baharia_Mstaafu · #42
Meli ikijaa, ndiyo. Asubuhi karibu na bandari wanazisimamisha tena ili zitoke haraka. Mwenye nayo amelala juu, hajui.

FundiSpana · #43
Basi nimepata. Kipepeo aliiacha wima, akaikuta wima, katikati ililazwa. PX ikilazwa petroli inapita kwenye kabureta hata koki ikiwa imefungwa, kwa ile iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, na oili ya gia inaweza kupanda mahali pasipo pake. Inachukua siku nzima kuchoma uchafu ule. Siku ya pili ikapungua, Unguja ikapona. Kila kitu kinakaa sawa.

Piki_la_Muscat · #44
Petroli ya kwenye bakuli ni kidogo sana, fundi. Inakwisha kabla hujafika Mtambile. Kipande cha nailoni kinaweza kukaa kwenye kitundu siku mbili kikatoka chenyewe kwa mtikisiko.

Dada_Mbweni · #45
Na waya wa koili ukipata siku ya baridi hauonyeshi kitu. Kipepeo, Unguja uliporudi mvua ilikuwa inanyesha?

Kipepeo_Z · #46
Ilikuwa inanyesha, vuli ilikuwa imeanza. Mmenichanganya zaidi ya nilivyokuja, lakini nashukuru. Jumamosi naipeleka kwa fundi afungue sahani ya sumaku, na kifuniko nitakipulizia upepo.

FundiSpana · #47
Usifanye yote mawili siku moja, hatutajua lipi lilikuwa lipi.

Mzaramo_Halisi · #48
Mimi nimeamua, nakuja mwezi wa pili bila bodaboda. Naomba tu mnielekeze nani Mjini anakodisha vespa inayoruhusiwa kupanda meli, maana mmoja aliniambia yake haitoki Unguja.

Dada_Mbweni · #49
Wengi watakukatalia, wanaogopa spea na umbali. Kodi Unguja, irudishe, halafu Pemba kodi pikipiki Chake. Beba leseni, na kibali cha kuendesha ulizia ukiwa hapo hapo kwa anayekukodisha, askari wa njia ya Paje hawana mchezo.

Tumbe_Mvuvi · #50
Akifika Chake aniambie hapa ukumbini. Nitampeleka Kojani, tunavuka kwa mtumbwi, pikipiki tunaiacha ng'ambo kwa watu wangu.

Lamu_Kipungani · #51
Na mimi? Nakuja na punda.

mama_wa_mikarafuu · #52
Punda kilima cha Mkoani anapanda bila kuzima. Karibu.